Bundi Juu ya Mlango

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi asubuhi hapa Mtwara, mbele ya walimu wa sanaa, mafundi wa mabango na vijana wanaojifunza kuchora kwa kompyuta. Wengi waliokosa kufika wameniomba, basi nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha. Bila mimi kuzinyooshea fimbo hazina kazi.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Vijana, hamjambo? Naona wa nyuma bado mnagombania viti. Njooni mbele, mimi nimestaafu, siulizi tena daftari la mtu.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili nikianza kuwasema wengine msione najitoa.

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha sekondari moja, sitaitaja, iko ndani huko ambako gari la abiria lilikuwa likipita mara moja kwa siku. Tukapata msaada wa vitabu kutoka ng'ambo. Makasha kumi na mbili! Tukasafisha chumba kilichokuwa stoo ya majembe, tukapiga chokaa, tukaseremalisha rafu. Ndani ya kasha moja mlikuwa na picha kubwa ya rangi, nzuri kweli: bundi amevaa miwani, kichwani ana kofia ya mahafali, mkononi, au niseme kwenye bawa, ameshika kitabu. Mimi, mwalimu wa sanaa, ndiye niliyeshika nyundo. Nikampigilia bundi wangu juu ya mlango wa maktaba.

Wiki ya kwanza hakuingia mtu. Wiki ya pili hakuingia mtu. Wanafunzi walikuwa wakitoka bwenini kwenda darasani wanazunguka nyuma ya choo ili wasipite mbele ya maktaba. Nikasimama paredi nikawasema: wavivu, hamjui thamani ya vitabu, wazungu wametuletea nyinyi mnakimbia. Nikawasema sana. Jioni yake mlinzi wetu, mzee wa Kimakonde, akaja ananivuta pembeni. Akasema, "Mwalimu, umetundika msiba juu ya mlango, halafu unauliza kwa nini watu hawaingii?"

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua. Bundi akilia juu ya paa usiku, nani hapa anaendelea kulala? Mtu anakaa macho, anaanza kuhesabu wagonjwa wa ukoo mmoja mmoja.

Lakini aliyechora ile picha hakuwa mwendawazimu. Kwa Wagiriki wa kale bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike wa hekima. Mji wa Athens ulikuwa ukimchora kwenye sarafu zake za fedha zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na mpaka leo ukishika sarafu ya euro 1 iliyotengenezwa Ugiriki, bundi yuleyule anakutazama. Mchoraji alitutumia hekima. Sisi tukapokea maiti. Nani alikosea hapo? Mchoraji? Wanafunzi? Bundi mwenyewe, maskini, kazi yake ni kula panya wanaotula mahindi.

Aliyekosea ni mimi niliyeshika nyundo. Nilitazama picha, nikajiuliza ina maana gani, nikajijibu. Sikujiuliza swali la pili. Swali la pili ni hili, na leo nitalirudia mpaka mchoke: anayesoma ni nani?

Sasa nyoosheni mikono. Wangapi humu mmesomeshwa na korosho? Haya, tazameni wenyewe. Ukumbi mzima! Hata mgeni rasmi amenyoosha. Shusheni. Akina mama, wangapi nyumbani mna kanga yenye ua la korosho, lile tone lililopinda ncha kama linataka kujiuma mkia? Nilijua. Mama pale mbele anayo kiunoni sasa hivi. Samahani mama, nakutumia kufundishia.

Ua hilo tunaliita korosho, na mtu wa Mtwara ukimwambia ni kitu kingine atakuona hujalala vizuri. Ni korosho. Umbo la korosho, mpindo wa korosho. Tena wengine hupenda kusema Waswahili waliliiga kutoka kwenye mti wetu.

Ngoja niwasafirishe kidogo. Uajemi, ambako ua hili limefumwa kwenye mazulia na vitambaa kwa karne nyingi, wanaliita bote, yaani kichaka. Kwa hiyo Mwajemi anaona kichaka. Nenda India: Mpunjabi ataliita jina la embe, na Mtamil kule kusini naye ataliita embe. Mhindi anaona embe bichi, lile la kuliwa na chumvi na pilipili. Warusi wanasema ni tango la Kituruki. Wafaransa waliona kuti. Wachina wapo wanaoliita, wazee mnisamehe, paja la nguruwe lililokaushwa. Na Waingereza je? Hawa ndio wanaonichekesha zaidi. Waingereza hawakuona mmea wala mnyama. Waliona mji!

Ilikuwa hivi. Huko Kashmir mafundi walikuwa wakifuma shali za manyoya laini ya mbuzi, pindoni zimejaa ua hili. Mwishoni mwa karne ya 18 shali hizo zikaanza kuingia Ulaya kwa wingi. Josephine, mke wa Napoleon, alizipenda kupita kiasi, na wakubwa wakipenda kitu mnajua kinachofuata. Shali moja ya Kashmir ilikuwa mali ya tajiri. Basi katika karne ya 19 wafumaji wa mji mmoja wa Uskoti uitwao Paisley wakaanza kuziiga, wakazifuma kwa bei ambayo mke wa karani naye angeweza kujikaza akanunua. Walifuma nyingi mno mpaka jina la mji likahamia kwenye ua. Leo ingia duka la nguo London, omba shati lenye maua hayo: utatajiwa jina la mji wa Uskoti ambao ua hilo haukulizaa.

Sasa rudini nyumbani. Ua likafika pwani yetu kwenye vitambaa vya biashara. Bibi zetu wakalitazama. Hawakumjua Mwajemi na kichaka chake, wala hawakuwa na habari na Uskoti. Wakatazama uani, wakasema, hii korosho. Basi. Limekwisha, limepewa ubini.

Lakini sikilizeni utamu uliomo. Korosho yenyewe si ya hapa! Mkorosho asili yake Brazili. Wareno ndio walioubeba wakaupanda katika pwani hizi karne ya 16. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu bibo, lile tunda la mkorosho, wanaliita kanju, na neno hilo ukilichunguza lina Ureno ndani yake. Kwa hiyo ua la Uajemi lilipofika, tulilipa jina la mgeni mwingine aliyetangulia kufika na aliyekwisha kuwa mwenyeji. Mgeni kampokea mgeni mwenzie. Nani leo atasimama Newala aseme mkorosho ni mti wa kigeni? Atapigwa na maganda.

Na hicho kitambaa chenyewe? Leso ni neno la Kireno. Karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zikiwa bado zimeungana kwenye jora, sita kwa mpigo, wakazikata tatu kwa tatu, wakazishona pamoja, wakapata nguo ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuichapa ikiwa nzima. Za mwanzo nyingi zilikuwa na madoa meupe kwenye weusi, watu wakasema, mbona kama kanga, yule ndege? Jina likakaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaongezwa maneno, na anayetajwa zaidi kwa hilo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefungua duka mwaka 1887, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja hizi za Kirumi.

Hapo ndipo kanga ikawa kitu cha hatari. Ina pindo, ina mji, yaani uwanja wa katikati, ina jina, yaani yale maneno. Mtu wa mbali anatazama mji na pindo. Sisi macho yetu yanakwenda wapi? Kwenye jina! Tena yanakwenda kimyakimya, mtu amepita, umeshasoma, umeshajua anasemwa nani.

Kulikuwa na binti wa Kizungu aliyekuja kujitolea kijijini kwetu, mpole, anayejua kusalimia. Akaenda sokoni akachagua kanga kwa macho yake: nyekundu, korosho kubwa kubwa, safi. Akaivaa siku anayokwenda kumpa mkono mama mwenye nyumba wake, ambaye juzi yake alikuwa amegombana na shoga yake mpaka majirani wakaamua. Kanga imeandikwa "Hasidi hana sababu". Anaingia uani kwa tabasamu! Mama wa watu akasimama na mwiko mkononi. Binti aliona maua. Mama aliona mtu ametumwa. Nguo ni moja, na wote wawili walisoma kweli kilichokuwepo. Ilichukua siku tatu na sahani ya pilau kuyamaliza.

Mnaofanya kazi za ubunifu, hapo mtulie kidogo. Mnadhani mchoro wenu unasomwa sehemu ile mliyoitolea jasho. Mteja wako anatazama pembeni, mahali ulipojaza tu ili pasibaki wazi.

Kuna jambo la Afrika Magharibi linalonifurahisha zaidi ya yote niliyowahi kusoma katika kazi hii. Vitenge vya wax mnavijua. Asili yake ni Waholanzi kuiga batiki za Java, kisiwa cha Indonesia, karne ya 19, wakitaka kuwauzia watu wa Java wenyewe nguo ya kuiga nguo yao. Soko lililowapokea kwa mikono miwili likawa Afrika Magharibi. Kiwanda cha Vlisco huko Helmond, Uholanzi, kilichoanza mwaka 1846, bado kinachapa. Na kitambaa kikitoka kiwandani kilikuwa hakina jina. Kina namba. Namba tu, kama mfungwa.

Kinafika Lomé, Togo. Pale walikuwapo akina mama wafanyabiashara walioitwa Nana Benz, kwa sababu walitajirika kwa vitenge mpaka wakawa wanatembelea Mercedes-Benz wakati mawaziri wanaomba lifti. Haya ya mawaziri nimetia chumvi, lakini magari ni kweli. Akina mama hawa wakifungua marobota, wanatazama, wanajadiliana, wanatoa jina. Kitambaa kina tundu lililo wazi na ndege wanaruka nje. Mholanzi amechora ndege. Akina mama wakasema, hiki kinaitwa "Ukitoka, nami natoka". Mke anakivaa Ijumaa jioni, anapita mbele ya mume anayetafuta viatu. Hasemi neno! Kingine wakakiita "Jicho la mke mwenza". Sasa hapo nani mchoraji? Yule wa Helmond mwenye kalamu, au mama wa Lomé mwenye mdomo? Kitambaa chenye jina zuri kinakwisha dukani, kisicho na jina kinaliwa na mende. Na hawakukutana na bibi zetu kufundishana. Pwani ya mashariki tuliandika maneno juu ya nguo, wao wakayaacha hewani, lakini ugomvi ni uleule wa mke, mume na jirani.

Nimesema jina, nimesema mchoro. Sasa nije kwenye neno tunalolitumia kila siku: nembo. Kijana akija kwangu anasema, mwalimu nimetengeneza nembo ya kampuni. Tunasema nembo ya taifa, ile yenye ngao na Mwenge. Wangapi mnajua neno hili lilikaa wapi kabla ya kukaa kwenye barua za serikali?

Lilikaa usoni. Nembo ni chale za kabila. Wamakonde mliomo humu mnajua, bibi zenu walichanjwa nembo: mistari iliyopindapinda juu ya mashavu na paji, ikasuguliwa mkaa, ikapona na weusi wake. Na wengine juu ya mdomo wana ndonya, kile kipande cha mti kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa nazo uso mzima. Nikampeleka Dar es Salaam kutibiwa macho. Kwenye basi watoto walimtazama kutoka Lindi mpaka tunashuka. Hospitalini muuguzi mmoja, binti mdogo, hakuwa na ubaya, akamuuliza kwa huruma, "Pole bibi, ulipata ajali?" Bibi akanyamaza. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, umeona wapi ajali inayokata mistari sawa kushoto na kulia?"

Binti akaomba radhi. Bibi akamwambia tena, kwa Kiswahili chake cha Kimakonde ambacho sitakiiga, kwamba kwao msichana asiyechanjwa ndiye aliyeonekana hajamaliziwa, na kwamba kule uwandani hata mtu asipofungua mdomo ungejua ni wa kwao. Uso wake ulikuwa kitambulisho. Alivuka mto na milima ukasomeka. Alipovuka Rufiji ukawa ajali.

Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu kwa kawaida tunadhani alama inapotea maana ikienda kwa Wazungu au kwa Wachina. Ya bibi ilipotea ndani ya nchi moja, kwenye benchi la hospitali, mbele ya binti anayezungumza Kiswahili kama yeye.

Basi nini dawa? Kuna watu wakubwa duniani walijaribu kutafuta dawa. Nitawapa majaribio mawili.

La kwanza mnalijua, liko kwenye magari meupe. Mwaka 1859 Henry Dunant, Mswisi, alipita Solferino kule Italia baada ya vita akakuta majeruhi wamelala hawana wa kuwatazama. Kutokana na hayo, mwaka 1864 mataifa yakakutana Geneva wakakubaliana alama ya kuwalinda wauguzi vitani: msalaba mwekundu juu ya nyeupe. Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Wenyewe mpaka leo wanasema haina dini ndani yake. Na mimi nawaamini kwamba hawakukusudia dini.

Lakini, semeni nami, anayesoma ni nani? Mwaka 1876, Waturuki wa dola ya Othmani wakipigana, wakatoa taarifa kwamba wao watatumia hilali nyekundu, kwa sababu msalaba ulikuwa unawakera askari wao Waislamu. Askari yule aliona msalaba ukija kwenye vita, akakumbuka vita vya msalaba. Utamwambia tulia kaka, hii ni bendera ya Uswisi? Damu inamtoka! Mwaka 1929 hilali ikakubaliwa rasmi, pamoja na simba na jua jekundu la Uajemi. Ndiyo maana sisi hapa tuna Msalaba Mwekundu, lakini ukipanda chombo ukaenda Komoro, au Somalia, kazi ileile inafanywa chini ya hilali.

Halafu wengine nao wakauliza, na ya kwetu je? Waisraeli wana nyota yao. Ukimkubalia mmoja, foleni inaanza. Ndipo Desemba 2005 ikapitishwa alama ya tatu, Kristali Nyekundu: mraba mtupu uliosimama juu ya kona yake. Imetafutwa makusudi isifanane na dini ya mtu, taifa la mtu, wala chama cha mtu.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu bila kuwaambia ni nini. Mmoja akasema kishada. Mwingine, vigae vya sakafu. Mwingine akasema ni fremu, picha imeanguka. Sitaki kuidharau, imefungulia mlango watu waliokuwa nje, na hilo si dogo. Ila kama mchoraji nasema wazi: haimuudhi mtu kwa sababu haimgusi mtu. Miaka hamsini ijayo, ikishawatoa watu wengi kwenye vifusi, labda mtoto ataichora kwa mapenzi. Leo bado ni kishada.

Jaribio la pili linanitisha. Mnaijua alama ya mionzi, ile yenye kiduara katikati na mapanga matatu? Ilibuniwa mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliyesoma fizikia anaijua, anarudi nyuma. Asiyesoma fizikia, hapa Mtwara, ataona nini? Hapana, usinong'one, sema kwa sauti. Pangaboi! Asante. Ataona pangaboi.

Cheka, lakini mwaka 2000 huko Samut Prakan, Thailand, waokota vyuma chakavu walipata mtambo wa zamani wa tiba ya mionzi. Alama ilikuwapo juu ya chuma. Haikuwaambia kitu. Wakafungua, wakapeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, wakakata. Watu 3 walikufa na wengine wakaugua vibaya. Hapo hakuna aliyeidharau alama. Ilikuwa inaongea lugha ambayo hawakufundishwa.

Basi Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likaamua kutafuta alama ambayo hata asiyesoma ataielewa. Na walifanyaje? Hawakujifungia ofisini. Walichukua michoro wakaenda nayo kwa watu 1,650 katika nchi 11, na mojawapo ni jirani zetu Kenya. Brazili, Moroko, India, China, Poland, Thailand yenyewe. Wakauliza: hii inakuambia nini? Mwaka 2007 ikatangazwa: pembetatu nyekundu, juu mionzi inashuka, chini fuvu na mifupa, na pembeni mtu anakimbia na mshale unamwonyesha njia ya kukimbilia. Tena haiwekwi mlangoni ikatisha wagonjwa bure. Inawekwa ndani, kwenye chuma kinachofunika kile chanzo cha mionzi, mahali ambapo utaiona ikiwa tu umeshaanza kufungua skrubu usizotakiwa kufungua. Aliyefikiria hilo nampa mkono, maana alimwona kabisa yule mtu mwenye bisibisi.

Hata hivyo tazameni: katika nchi zile 11 Meksiko nayo imo. Na Meksiko mwezi Novemba, wanapowakumbuka marehemu wao, watoto wanapewa mafuvu ya sukari, wanalamba! Fuvu kwao ni bibi amekuja kutembea. Ndiyo maana nadhani ilibidi yawepo yote matatu, mionzi, fuvu na yule anayekimbia. Moja likinyamaza jingine liseme. Kwetu hapa jambo hili si la mbali, urani iko Namtumbo, mkoa jirani. Nani kati yenu, mafundi wa mabango, ataitwa siku moja kuchora onyo, na ataenda kumuuliza nani kwanza?

Naona saa inanikodolea macho, na harufu ya mihogo imeshaingia ukumbini. Nimalizie bundi wangu, maana mlinzi nilimwacha amesimama pale.

Nilimshusha bundi usiku, kama mwizi. Kesho yake wanafunzi wanne waliingia maktaba. Ukuta ukawa mtupu na misumari miwili. Nikasema, sasa nitachora cha kwetu. Nikachora sungura, mwerevu wa hadithi zetu zote, ameshika kitabu. Nilijivunia. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja akasimama: "Mwalimu, sungura ni mwizi wa karanga na muongo wa kwanza. Mnataka kuwafundisha watoto kuiba mtihani?" Ukumbi ukalipuka. Nikafuta sungura. Nikafikiria kobe. Mwalimu wa taaluma akaniambia, "Kobe? Na matokeo haya tuliyonayo?" Nikaacha. Nikapiga chokaa, nikaweka brashi chini.

Ukuta ulikaa mweupe karibu mwaka mzima. Asubuhi moja, msimu wa mavuno, nikakuta mtu amechora kwa mkaa juu ya ule mlango. Korosho moja kubwa imening'inia chini ya bibo lake, imepinda vizuri, mkono wa mtu anayejua kuitazama. Sheria ya shule ilisema kuchafua ukuta ni viboko. Nikamtafuta aliyechora, akajileta mwenyewe, msichana wa kidato cha pili. Nikamuuliza, kwa nini korosho, kwenye maktaba?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Mwalimu," akasema, "kwani ada yangu inatoka wapi?"

Nikamwambia arudi darasani. Jioni nikaenda na rangi nikapita juu ya mistari yake, nikiogopa kuiharibu.

Asanteni sana. Mihogo ipo nje, na mama mwenye kanga ya korosho, nakuomba unikubalie nikuulize jina lake, kwa sababu nimekaa hapa saa nzima pindo limejikunja sijaweza kulisoma.